Mwezi Mmoja, Majina Matatu

Sogeeni. Hadithi yangu haina sungura wala fisi, na mfalme hayumo. Ina vijana watatu wa Tukuyu, chombo kimoja chenye sura mbaya cha kuruka angani, na mwezi mmoja usio na jina. Kazi yangu ni kuwafikisha mlangoni. Kuingia mtaingia wenyewe.

Vijana hao walikuwa wamemaliza kidato cha nne na wanasubiri matokeo. Gwakisa alijaliwa mikono. Mpe baiskeli mbovu na trei ya mayai, ateremke nayo mlima mvua ikinyesha, na yai hata moja lisipate ufa. Sekela alijaliwa ufundi. Hakuna kitu alichowahi kukifungua akashindwa kukifunga, ingawa kila mara skrubu mbili tatu zilibaki mezani, naye husema hazikuwa na kazi.

Wa tatu ni Atupele, binamu yake Sekela. Huyu alijaliwa macho ya kuchagua. Mama yake hakununua mkungu wa ndizi sokoni bila yeye, kwa sababu Atupele aliutazama tu akajua kama utaiva vizuri au utaoza kabla ya kuiva.

Lakini kuchagua ni kipaji kisichopigiwa makofi. Miaka minne shuleni jina la Atupele lilisomwa asubuhi kwenye mahudhurio, basi. Siku ya zawadi yeye alikuwa wa kupanga viti. Jambo hilo lilimuuma, na hakuwahi kumwambia mtu.

Watatu hao walishinda dukani kwa Mama Ambwene, mahali pa kutoa fotokopi na kuchapa barua. Asubuhi walimsaidia kuchapa. Mchana aliwaachia kompyuta ya nyuma wakacheza Njia ya Nyota, gemu la mtandaoni ambamo watu wa nchi nyingi hushindanisha vyombo vya angani. Wiki moja likatoka tangazo: Jumapili kuna mbio kubwa. Kila kikosi kiwe na watu watatu, mmoja achague chombo, mmoja akitengeneze, mmoja akiendeshe. Gemu limeongezewa mwezi mpya, na kikosi kitakachoshinda kitaupa jina la mmoja wao. Jina hilo litakaa pale daima.

Atupele alilisoma neno "daima" mara tatu.

Basi akaanza kazi yake. Kulikuwa na vyombo arobaini na kimoja vya kuchagua, na karibu kila mtu alichukua Mshale, chombo chembamba kinachopita vyote kwa spidi.

"Atu, chukua Mshale tulale usingizi," alisema Gwakisa. "Dunia nzima wanachukua Mshale."

"Ndiyo maana nasita."

Siku nne alisoma majedwali: uzito, breki, unene wa bati. Akaitazama njia yenyewe, akahesabu kona kumi na moja katikati ya mawe. Yakamjia akilini malori ya ndizi yanayoteremka kwenda Kyela. "Niambieni," aliwauliza wenzake, "ni lori gani mmewahi kusikia limeanguka mlimani kwa kukosa spidi?" Akachagua Pipa, chombo cha kubebea maji, kinene, kizito, chenye breki kali kuliko vyote na bati la kugongwa na lisijali. Sekela alicheka mpaka chai ikamtokea puani.

Kicheko kiliisha Ijumaa. Sekela alipima lile dude, akapima na pete ya mwisho ambayo kila chombo lazima kipite ndani yake. "Atu, halipiti. Ni pana mno."

Atupele alifunua tena majedwali yake. Alikuwa amesoma kila kitu isipokuwa upana. Na chombo kikishachaguliwa hakibadilishwi.

"Usilie, bado sijakunja mikono," alisema Sekela. Akang'oa matangi ya maji ya ubavuni, kushoto na kulia. Akahamishia injini ndogo nyuma. Akatoa viti, vitanda, jiko, akatoa mpaka Atupele akaogopa. Jumamosi jioni Pipa lilikuwa jembamba na jepesi, linaruka kama limesahau kazi ya kubeba maji.

"Na hivi ulivyoviacha pembeni?" aliuliza Gwakisa.

"Havina kazi."

Jumapili mchana mvua ilipiga bati la duka, na waliokuja kutoa fotokopi wakasahau karatasi zao. Mbio zikaanza. Mishale ilitoka yote pamoja, ikaliacha Pipa nyuma kama limeegeshwa. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kona ya tatu tu, Mishale ilishindwa kusimama, ikaanza kujibamiza kwenye mawe mmoja baada ya mwingine. Pipa lilifunga breki, likakata kona, likapita katikati ya vipande.

Kisha njia ikaingia nyuma ya sayari, kwenye giza. Gwakisa alibonyeza taa. Akabonyeza tena.

"Sekela! Taa iko wapi?"

Sekela aliziba mdomo kwa viganja viwili. Taa ilikuwa miongoni mwa vile visivyo na kazi.

Gwakisa hakugombana. Njia ile alikuwa ameifanyia mazoezi mpaka vidole vikaijua. Akafumba macho, kwa kuwa kuyafumbua hakukumsaidia, akahesabu kwa sauti: "Moja, mbili, tatu, kushoto. Moja, mbili, kulia." Pipa lilipotokea upande wenye nuru, mbele yake kulikuwa na Mshale mmoja tu, nao ukakosea kona ya kumi.

Watu wakalipuka kwa shangwe. Na hapo, wajameni, mgema alisifiwa. Gwakisa aligeuka kuwachekea mashabiki. Ni kufumba na kufumbua, na jiwe kubwa likalipiga Pipa ubavuni. Chombo kingine chochote kingepasuka. Pipa lilitikisika, likalia kama sufuria iliyoanguka, likaendelea. Likapita kwenye pete ya mwisho, pengo la kila upande lisitoshe kupitisha kidole, likaushinda ule Mshale, uliokuwa umerudi njiani, kwa nusu sekunde.

Walikumbatiana, wakaruka. Kisha kioo cha kompyuta kikaandika: *Chagueni jina. Dakika kumi.*

"Nani alikitoa gizani?" aliuliza Gwakisa.

"Bila mimi ungekitoa gizani kikakwame kwenye pete," alijibu Sekela.

"Na lingekuwa Mshale," alisema Atupele, "lile jiwe lingetuacha tukiokota vipande."

Kila mmoja alisema kweli. Kisha mmoja akakumbuka upana, mwingine taa, mwingine kile kicheko kwa mashabiki, majigambo yakaisha. Walijaribu kuunganisha majina yao, gemu likakataa. Walipiga kura kwa vikaratasi, na kila jina likapata kura moja. Mama Ambwene alicheka mpaka akaegemea mashine ya fotokopi.

"Wanangu, hapa dukani barua ya watu watatu haichapwi kwa mikono sita. Mmoja akae kwenye kibodi, wawili watazame ukutani. Atakachoandika hakifutwi, na hakuna kununa."

"Nani akae?"

Gwakisa alikuna kichwa. "Akae Atu. Mimi nilitaka Mshale, na angenisikiliza, tungekuwa vipande kwenye mawe saa hizi. Yeye ndiye anayejua kuchagua."

"Mimi pia naamini chaguo lake," alisema Sekela. Wakageuka wote wawili, wakatazama kalenda ya ukutani.

Atupele alikaa. Kioo kilisema zimebaki dakika tatu. Ni mara ya kwanza kipaji chake kusifiwa mbele za watu, na kimesifiwa ili aamue jambo hili hili. Alilitaka jina lake liandikwe. Alilitaka tangu siku zile za kupanga viti, na hakujidanganya. Lakini alimwona Sekela kwa nyuma, shingo ameiinamisha, bado ana aibu ya taa. Aliona mikono ya Gwakisa, ameifumbata mgongoni, vidole bado vinahesabu kona. Akasogeza kidole juu ya herufi A, akakirudisha.

Mwezi ule una jina leo. Mimi nimeuona, nimelisoma, na nimekula yamini kutolitaja kabla ya kuwasikia ninyi. Atupele alipewa dakika tatu, nami siwapi zaidi. Haya, kila mmoja akae kwenye kiti. Wawili wako ukutani, wamekuamini, hawageuki. Je, wewe ungeandika jina la nani?