Sauti Iliyopitia Moroni

"Rafiki wa mbali humwamsha jirani." Mmemsikia mjomba wenu akisema hivyo mkacheka, kwa kuwa wa mbali hajui hata mlango wako ulipo. Msicheke, wajukuu zangu. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Nyabwera, mwaka wa vita vya mpakani, nami nilikuwapo.

Mwalimu Kokubanza alifundisha jiografia katika shule ya wasichana. Nyumbani alikuwa na redio ya kupokea na kurusha sauti, aliyoiunda mwenyewe kwa kibali cha serikali. Kila alasiri alizungumza na watu wa nchi za mbali juu ya mvua, mavuno na watoto. Hakuna aliyemlipa, aliipenda tu kazi hiyo. Rafiki yake mkubwa alikuwa Saidali, mzee wa Moroni huko Komoro, ambaye hakuwahi kuonana naye.

Jirani yake, Ma Nyakato, starehe hiyo ilimkera. "Mwalimu," alimwambia siku moja, "dunia nzima unaisalimu, mimi wa ua huu hunijulii hali!"

Vita vikaja. Adui aliuteka mji, akakata nyaya za simu na kuvunja daraja. Kisha alfajiri moja akaondoka kimya kimya. Tulitoka mafichoni tukishangilia, lakini shangwe haikufika mchana. Kombora lilianguka sokoni, jingine likabomoa ghala la kahawa. Mizinga ilinguruma nyuma ya mlima, upande wa Rutenge, kwenye kambi ya jeshi letu wenyewe. Wenzetu walidhani adui bado yumo! Tukakimbilia shuleni, mji mzima, na kila kombora lilitua karibu zaidi.

Mwalimu alifukua redio aliyokuwa ameizika shambani, akaileta shuleni na kuiunganisha na betri ya lori. Akaita Rutenge. Kimya. Sauti ya redio ile hupaa juu sana kabla ya kushuka, hivyo iliwaruka walio nyuma ya mlima. Basi akamwita yule aliyezoea kumsikia.

"Saidali wa Moroni! Ni Kokubanza!"

Mikwaruzo tupu. Kisha: "Koku! Tulikwisha kukulilia!"

"Mimi mzima. Adui ameondoka, lakini jeshi letu linatupiga. Wapigie simu Rutenge!"

Tulingoja, vumbi la dari likitudondokea vichwani. Hatimaye Saidali akarudi.

"Nimempata kamanda, yuko kwenye simu. Anahofia ni hila ya adui. Anaye askari wa huko kwenu, Byabato mwana wa Nyakato. Anauliza, ng'ombe aliyempiga teke siku aliyoaga nyumbani anaitwaje?"

Ma Nyakato alikuwa amejibanza nyuma ya dawati. Aliruka, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Kaisiki! Ng'ombe ni Kaisiki! Na mwambieni mama yake yu hai, ila likija kombora jingine nitamchapa mbele ya kamanda wake!"

Saidali alicheka huku analia, akayarudia yale maneno kwenye simu. Kombora moja likapasuka mtoni. Tukashikana mikono. Hakuna lililofuata. Tulisikiliza, tukasikiliza, hadi tukawasikia ndege kwenye migomba, na hapo vigelegele vikalipuka shule nzima.

Jioni askari wetu walishuka mlimani wakiimba. Ma Nyakato alimkumbatia mwanawe, kisha akamwendea Mwalimu, akapiga magoti barabarani.

"Nilisema wa mbali wamekusahaulisha jirani," alisema. "Kumbe Rutenge ni jirani wa hapo tu, naye asingeamka bila mtu wa Moroni."

Mwalimu alimwinua. Vijana wakambeba juu juu, redio yake ikifuata nyuma imefunikwa kanga kama bibi harusi, nasi watoto tukiliita kwa kelele jina la mzee tusiyemjua: "Saidali! Saidali!"

Basi mkimwona mtu akitunza urafiki na walio ng'ambo, msimwambie anapoteza muda. Rafiki wa mbali humwamsha jirani.