Daraja la Wanafunzi wa Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa chuo juu ya majabali.

Nani akifundisha?

Pimbi akifundisha, mjane mdogo; mkia hana, sala anayo.

Katika Chuo Kikuu cha Majabalini, Pimbi na Fisi walifundisha somo moja: kujenga daraja la kamba. Pimbi alisema, "Fungeni." Wakafunga. "Fungueni." Wakafungua. "Fungeni tena." Wanafunzi wake wakanung'unika, "Mwalimu huyu anachosha!" Fisi yeye alijilaza kivulini, akawasimulia wanafunzi wake jinsi alivyo hodari, hee-hee-heee, hata jua likazama.

Muhula ulipoisha, Mzee Kobe, Mkuu wa Chuo, akatangaza: "Mwalimu mmoja atabaki. Wanafunzi watawapima kwa makofi. Atakayeshindwa atahama pango la chuo."

Moyo wa Pimbi ukashuka. Pangoni mle ndimo marehemu mumewe alimofumba macho. Akasali, "Mola wangu, usinihamishe."

Fisi akagawa mifupa ya kuchoma darasani. Kesho yake makofi yake yakalia pa-pa-pa-pa-pa! Ya Pimbi yakalia pa. Kimya. Pa. Basi.

"Pole, shemeji," Fisi akasema. "Kufundisha ni kipaji."

"Kweli, shemeji. Ng'ambo ya mto kuna paja la nyati, limesazwa na simba. Ni lako. Ila kwetu mshindi hufuata zawadi yake kwa daraja la wanafunzi wake mwenyewe."

"Neno hilo lina haki," akasema Mzee Kobe.

Mate yakamtoka Fisi, do, do, do. "Wanangu, fungeni!"

"Profesa," Nguchiro akanong'ona, "fundo hukutuonyesha."

"Mlinipigia makofi, hamkunipigia?"

"Tulikupigia."

"Basi fungeni!"

Wakafunga walivyojua. Fisi akapanda. Kamba ikalia nyee. Akasogea. Nyeee. Akaliona paja, akaruka. Fyatu! Chubwi!

"Shemeji, nakufa!"

Pimbi hakucheka. Haya, alicheka kidogo. Kisha akawaita wanafunzi wake: "Fungeni!"

Wakafunga bila hata kutazama mikono. Wakamrushia kamba, wakavuta, haya-hee, haya-hee, mpaka Fisi akatua mwambani, manyoya yakichuruzika maji.

Akalitazama fundo. Akalivuta kwa meno. Halikulegea.

"Shemeji," akauliza taratibu, "hili hufungwaje?"

"Kaa mbele. Funga."

Mzee Kobe akayaona yote, akaifuta hukumu ya makofi. Pimbi akabaki pangoni mwake, akamshukuru Mungu. Na darasani mwake hakuna anayenung'unika kama Fisi: "Mwalimu huyu anachosha!" Huku anafunga.

Hadithi yangu imevuka, haikulowa. Funzo lake, wanangu, ni hili: ukitaka kuitwa mwalimu bora, gawa mifupa mapema. Na Mwenyezi Mungu awajalie wanafunzi wako wasikutane na mto.