Ujumbe Ndani ya Ini

Katika sikukuu ya Mtakatifu Petro, mitaa ya Póvoa, mji wa wavuvi nchini Ureno, hushindana kwa ngoma, na mtaa wa Kusini haukubali kushindwa na Kaskazini hata kwa moshi wa samaki wa kuchoma. Belmira, muuza samaki mwenye sauti kama baragumu, alikuwa mstari wa mbele sapatu ilipomchomoka. Aliendelea kuzunguka bila habari.

"Kusini mmefilisika hata viatu!" walicheka wa Kaskazini. "Dada, sapatu imekukimbia, mumeo atafuata!"

"Mpokeeni! Anakula kama papa!" alijibu, uwanja ukaangua kicheko.

Mama yake mdogo, Hermínia, hakucheka. Aliona unyayo wa Belmira umechanika, damu inatoka, na mwenyewe hahisi. Ndivyo ulivyoanza ugonjwa uliomuua dada yake, mama wa Belmira: ganzi ya vidole, kisha magoti, kisha kaburi.

Vipimo vilithibitisha. Daktari Quintela alieleza bila kuzunguka. Belmira alirithi kosa katika jeni moja. Mwili huinakili jeni hiyo kuwa ujumbe uitwao RNA. Ini huusoma na kutengeneza protini mbovu inayoharibu neva. Dawa ni sindano ya RNA fupi, kila baada ya miezi mitatu.

"RNA juu ya RNA?" Hermínia alimaka. "Nyumba inaungua, nawe waja na kiberiti!"

"Mama, kipande hiki kinaoana na ujumbe ule herufi kwa herufi, ndiyo maana kinaunasa. Seli zina mkasi wao. Kipande kinauonyesha pa kukata. Kisingekuwa cha aina ile ile, kisingeushika."

"Na miguu yangu?" aliuliza Belmira.

"Palipokufa ganzi siahidi kitu. Tunapigania palipobaki."

"Basi dunga. Muuza samaki wa kukaa kitini nani atamwona?"

Hermínia alinunua miguu ya nta akaipeleka kanisani kama nadhiri ya kumwombea Belmira.

"Mpelekee tu mtakatifu," Belmira alimwambia. "Ila sindano sikosi."

Baada ya mwaka, damu ilionyesha protini ile imepungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Daktari alimgusa kwa pini kuanzia vidoleni. Kimya. Unyayoni, kimya. Kwenye kifundo cha mguu, Belmira aliruka.

"Aa! Unanitoboa, daktari!"

"Ganzi iliishia hapa hapa mwaka jana. Haijapanda hata kidogo."

Hermínia alifumba macho. Baada ya muda kama huo tangu augue, dada yake alikuwa hawezi tena kupanda ngazi.

"Mchome tena," alisema.

"Sindano au pini, mama?"

"Vyote viwili. Nataka kumsikia akipiga kelele."

Belmira alipiga kelele hadi wagonjwa wa nje wakachungulia, huku Hermínia akicheka na kujifuta machozi. Ujumbe mbovu ulikuwa umenyamazishwa na ujumbe wa aina yake. Hakika, dawa ya moto ni moto.