Mzunguko wa Pili wa Jamirah

Si kila kuchelewa ni uzembe. Yuko achelewaye kwa uvivu, na yuko achelewaye ili afike salama. Huyu wa pili ndiye wahenga waliyemlenga waliposema: kawia ufike.

Jamirah, binti wa muuza vitambaa wa mjini Busia, alikuwa rubani wa ndege ndogo ya wagonjwa. Mchana mmoja wa masika alitumwa kumchukua Akurut, mama mjamzito wa Moding aliyekuwa akivuja damu. Mawingu yalikuwa yametanda kutoka Malaba hadi ziwani. Alipouona uwanja wa udongo nje ya Moding, aliwaarifu waongozaji wa ndege wa Kisumu, nao wakamruhusu ashuke kwa kutegemea macho yake.

Alikuwa amebakiza kimo cha mkaratusi kugusa ardhi alipoiona tuktuk imekwama matopeni, katikati ya uwanja.

"Dada, pitia kando tutue!" alimaka Echodu, muuguzi aliyeketi nyuma yake. "Huyo mama atatufia!"

Moyo wa Jamirah ulidunda kama mchi kinuni. Nafasi ya kupita ilikuwepo, finyu. Hakuijaribu. Alisukuma wenzo wa injini, ndege ikanguruma na kupaa.

Juu wingu lilingoja. Angepenya humo, angeupoteza uwanja. Na anayeshuka kwa macho hachorewi njia salama ya kurudi juu kupitia mawingu. Akabaki chini ya wingu, jicho uwanjani.

"Kisumu, nimeghairi kutua. Kuna kizuizi. Nazunguka chini ya mawingu nijaribu tena."

"Sawa. Mawingu yakikubana, tuambie mara moja."

Echodu alifungua mkoba wa dawa, akaufunga, akaufungua tena. Mvua ilianza kugonga kioo.

"Dada, tunangoja nini?"

"Njia, ndugu yangu. Tunangoja njia."

Hatimaye wanaume kadhaa waliisukuma tuktuk hadi nyasini. Jamirah akatua, magurudumu yakirusha tope. Dereva wa tuktuk, Osukuku, aliwajia mbio.

"Madam, mgonjwa wenu yumo mle kwenye tuktuk! Nilikatiza uwanja niwahi ndege, gurudumu likazama. Hatungeweza kumshusha."

Ndani, juu ya godoro, Akurut alikuwa akihema. Echodu alimtazama Jamirah, kisha akapiga magoti kumhudumia mama yule.

Jioni Echodu alimpigia Jamirah simu kutoka hospitalini Kisumu.

"Amejifungua. Wako hai wote wawili. Na mimi nilitaka tupite pale kando yao."

Hakika, kawia ufike.