Ngedere na Shamba la Mama Mkwe

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa shamba, likaachwa?"

"Likaota magugu!"

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kuoana kama sisi, paliondokea Ngedere mmoja, maneno matamu, mkono mrefu. Tabia yake ilikuwa udokozi. Chungu kikipungua nyama, ni yeye. Akiulizwa, husema, "Nilikuwa naonja chumvi tu." Chumvi gani hiyo inayoonjwa mpaka kwenye mfupa?

Mkewe, Mashavu, alivumilia hadi akachoka. Siku alipokuta chungu cha wageni kimebaki mchuzi mtupu, alifunga virago akarudi kwa mama yake.

Ngedere akaenda kulia kwa mama mkwe. "Mama, nirudishie mke wangu. Udokozi nimeacha!"

"Umeacha lini?"

"Leo asubuhi."

Mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya, mwanangu. Shamba langu la karanga limejaa ndago. Zitoe, zisirudi tena. Na huo mkono wako uufanye vivyo hivyo. Nikiridhika, utamchukua mkeo."

Ndago mnazijua. Juu majani, chini viazi vidogo vidogo. Usipovichimba viazi hivyo, umezinyoa nywele tu. Ngedere naye alijua, lakini kuchimba kunachubua viganja. Akachukua panga, akafyeka juu juu huku akiimba:

"Nimeacha, nimeacha, majirani nioneni!"

Jioni akajipongeza kwa kudokoa maharage ya jirani yake Nguchiro. "Haya ya mwisho," akajiambia. Mvua ikanyesha, ndago zikarudi.

Akafyeka tena, akaimba tena. Safari hii akadokoa samaki wa Nguchiro. "Samaki si nyama," akajiambia. Mvua ikanyesha, ndago zikarudi, nene kuliko za kwanza.

Mara ya tatu akajifanya mjanja. Akafyeka, akafukia visiki kwa udongo, akakimbia kuwaita watu kabla ya mvua. Wakaja wote. Mashavu alikuja amejifunga kanga mpya, maana bado alimpenda. Ngedere alipomwona, machozi yalimtoka, na yalikuwa machozi ya kweli.

Mama mkwe akafukua udongo kidogo kwa kidole cha mguu. Akaviona visiki, akavifukia tena. "Karibuni, tule kwanza," akasema.

Wakakaa uani. Harufu ya mchuzi wa nazi ikaja. Ngedere akasema anakwenda kunawa.

Jamani! Jiko la mama mkwe, ambalo mkwe hakanyagi hata akitumwa moto! Walimkuta humo, kichwa ndani ya chungu, mkia nje. Kwa kushtuka akateleza, akaanguka kifudifudi kwenye masizi.

"Mama," akalia, "chungu kimenivamia!"

Nguchiro alicheka hadi akakaa chini. Mashavu hakucheka. Alikaza kanga yake kiunoni akasema, "Mama, nipe jembe. Shamba hili nitalichimba mwenyewe."

Akachimba kiazi kimoja kimoja mpaka viganja vikatoka damu. Mwaka ule alivuna karanga. Ngedere hakurudishiwa mke, na masizi yale amejaribu kuyanawa, yamegoma. Mtazameni usoni hadi leo.

Basi, tabia mbaya haifyekwi, inachimbwa, na kuchimba kunauma.

Hadithi yangu naitua hapo. Nanyi mnaocheka, hebu nionyesheni viganja vyenu.