Kengele Iliyokatwa Siku ya Harusi ya Koku

"Usimcheke mwenda pole, hujui alichobeba." Ndiyo methali aliyowatupia jirani yetu Ma Adventina leo, baada ya misa ya kumkumbuka babu yenu, mlipokuwa mkimwiga yule mzee mwenye fimbo. Mmeona haya kidogo, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Sogezeni hizo ndizi, menyeni huku mkisikiliza, masikio hayamenyi. Methali hii ilizaliwa kwenye harusi ya mama yenu, na aliyeizalisha ni babu yenu mwenyewe, Sajenti Felisiani Kagaruki.

Ninyi mlimkuta amezeeka, akiwabeba mgongoni na kuwachongea vigari vya mti. Mimi nilimjua tangu anarudi kutoka Vita vya Kagera. Vita vyenyewe hakupenda kuvisimulia. Jeshi lilimwachia mwendo tu: mtu yule hakujua kutembea taratibu! Tukienda sokoni nilikuwa nikikimbia nyuma yake kama mbuzi, namwambia, "Baba Koku, adui gani anakungoja sokoni?" Naye hucheka tu, anazidi kwenda.

Basi, mama yenu Koku akaposwa na kijana wa ng'ambo ya Mto Kagera, karibu na mpaka, huko huko vilikopigwa vita. Siku ya harusi tukafika kanisani kwao, kigango kidogo cha bati. Nje, kwenye mti, kilining'inia chuma kinene kwa waya. Ndiyo kengele yao. Waliporudi kutoka ukimbizini baada ya vita walikiokota shambani, wakaona kinalia vizuri. Katekista Pastori alikuwa amekwisha kuinua nondo, agonge kumkaribisha bibi harusi.

"Acha! Weka nondo chini!"

Ukelele ule sikuwahi kuusikia kinywani mwa babu yenu. Kwaya ikanyamaza. Akauendea mti, akainama, akakichungulia kile chuma kwa chini bila kukigusa. Alipoinuka, uso ulikuwa umempauka.

"Mkwe," akamwambia Mzee Byabato, baba wa bwana harusi, "hili ni bomu la mzinga. Halijalipuka. Waondoe watu."

Mzee Byabato akacheka. "Sajenti, vita vimekwisha zamani. Tumeligonga miaka yote hii, leo ndiyo lilipuke?"

"Mkwe wangu, nakusihi. Waondoe watu."

"Semeni tu hamtaki kutupa binti!" akadakia shangazi wa bwana harusi, na watu wakaangua kicheko. Kijana mmoja akainyakua nondo, akaligonga kwa nguvu zake zote, ngo! ili amwonyeshe mzee kwamba hakuna kitu. Jamani! Nilimwona babu yenu amefumba macho.

Hapo akaelewa kwamba wale watu hawataondoka. Akamtuma mwenye baiskeli mmoja aende kambi ya jeshi. Akavua koti lake jipya, akakata waya, akalikumbatia lile dude ndani ya koti, akaanza kuelekea shimo la zamani la udongo wa matofali, nyuma ya migomba. Polepole! Anaweka mguu, anatulia, anaweka mwingine. Watoto wakamwandama wakiimba. Wanawake wakampigia vigelegele: "Huyoo, na bibi harusi wake!" Yeye hakugeuka. Alikuwa akisema tu, "Rudini, wanangu, rudini nyuma."

Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Koku analia ndani ya shela. Mzee Byabato akatamka mbele ya watu wote: "Huyu ametudharau. Asiporudi na kengele yetu, kesho amchukue binti yake."

Hakurudi. Padre akafungisha ndoa hivyo hivyo, Koku akaingia kanisani bila mkono wa baba yake. Wakati wa kula, vijana wakaenda kuifuata kengele. Wakamkuta ameketi kwenye ukingo wa shimo na kijiti mkononi. "Anayeitaka aniue kwanza mimi," akawaambia. Wakarudi wakishika mbavu: "Mzee anaatamia yai!"

Alasiri askari wakaja na gari. Wakatusogeza mbali, wakatuamuru tulale kifudifudi. Shangazi akanung'unika kwamba gauni litachafuka.

Likalipuka. Mungu wangu! Ardhi ilitupiga tumboni. Vioo vya kanisa vikamwagika, migomba ikalala, sufuria za matoke zikapinduka. Katekista Pastori akawa anaikodolea macho mikono yake, akirudia, "Watoto wa komunio. Kila Jumapili nawapa zamu wagonge."

Babu yenu akatokea migombani, shati limelowa jasho. Mzee Byabato akamwendea, akapiga magoti, mtu mzima yule.

"Mkwe wangu, tusamehe. Ulikuwa ukitembea vile kwa woga?"

"Niliwaogopea watoto," akajibu. "Walikuwa nyuma yangu, hawasikii. Kila hatua nilitafuta pa kukanyaga, na pa kuangukia. Nilisema nikijikwaa, niliangukie kwa kifua, labda wao wapone."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akauliza Koku yuko wapi. Mimi nilikaa chini pale pale. Miaka yote niliyoishi na mtu yule, sikujua kwamba nimeolewa na mtu wa namna hiyo.

Mzee Byabato hakuinuka. Aliwageukia watu wake akiwa bado amepiga magoti, machozi yanamtiririka, akasema kwa nguvu hadi waliokuwa nyuma wakasikia:

"Usimcheke mwenda pole, hujui alichobeba."