Kikombe cha Mti Mmoja

Hapo zamani, si zamani ya majini, ni zamani ya juzijuzi tu, mashine za espreso zilipoanza kupiga mluzi mjini Bukoba, palikuwa na mgahawa mmoja wenye mashine moja na watu watatu. Ta Rwegasira, yaani Mzee Rwegasira, alikaanga kahawa. Kokushubira, ambaye wote walimwita Koku, aliikamua kwenye mashine. Muganyizi aliosha vikombe na kuvipeleka mezani, na mdomo wake haukujua kupumzika.

Koku alikuwa na mtoto mchanga, Asimwe. Kila alfajiri alimwacha kwa jirani akilia, na kila alfajiri alikwenda kazini masikio yake yakibaki nyuma. Alitamani kitu kimoja tu: mashine yake mwenyewe, pale mlangoni kwake, akamue kahawa mtoto akiwa mgongoni.

Basi yakatangazwa mashindano ya barista, yaani wakamuaji wa kahawa. Kila mgahawa ulete kikombe kimoja cha espreso, bila maziwa, bila sukari. Zawadi: mashine mpya. Mashine moja, jina moja la mtu, si la mgahawa.

"Ta Rwegasira, tupeleke kahawa gani?" Koku akauliza.

"Ya mibuni ya mama yangu."

Muganyizi akacheka mpaka sahani zikalia mikononi. "Ile ya kutafuna? Wenzetu wanaleta kahawa za milimani, wewe unaleta ya nyuma ya jiko!"

"Cheka, mwanangu. Meno ni yako."

Uhayani mgeni hukaribishwa kwa akamwani, punje za kahawa zilizochemshwa na majani ya kunukia, kisha zikaanikwa. Mgeni hutafuna kwanza, maneno yanafuata. Mibuni ya mama yake Rwegasira ilikuwa ya kazi hiyo, na hakuna aliyewahi kuifikiria kwa mashine.

Rwegasira akakaanga. Mkaango wa kwanza ukaungua, akaumwaga. Wa pili ukabaki mbichi ndani, akaumwaga, na kidole gumba kikababuka. Wa tatu akaunusa, akauhifadhi.

Siku ya mashindano jirani akaamka na homa, kwa hiyo Asimwe akaja na mama yake. Na mvua ya ziwani nayo ikaja. Hewa ikawa na unyevu, na kahawa hainyamazi mbele ya unyevu. Koku akakamua: ikachuruzika upesi, nyepesi kama chai ya ugenini. Akamwaga, akakaza kinu cha kusagia, unga uwe laini zaidi. Akakamua tena: ikagoma, ikadondoka tone, tone. Akamwaga. Hapo Asimwe akapasua kilio, na maziwa yakamchoma Koku kifuani.

Muganyizi akafuta mikono, akamchukua mtoto. "Kamua, Ma Koku. Mimi na huyu tunaelewana, wote tunalia njaa."

Mtoto akanyamaza. Koku akalegeza kinu kidogo, kidogo sana, akainamisha sikio. Safari hii kahawa ikateremka taratibu kama asali, na povu lake jekundujekundu likafunika kikombe.

"Haraka, povu halimngoji mtu!" Koku akasema.

Muganyizi akampa Rwegasira mtoto, akabeba kikombe.

Jaji alikuwa Mama Komba, mgeni kutoka Mbinga, mlimaji wa kahawa tangu usichana wake. Tangu asubuhi alikuwa akionja vikombe vya watu. Akaonja na hiki.

"Ni safi," akasema, "lakini ulimi wangu umechoka. Nasikia uchungu tu, kama katika vingine."

Akaanza kukiweka chini. Koku akahisi mlango wake ukifungwa, na mashine ikiwa nje.

Mpeleka kikombe hakutakiwa kusema neno. Lakini Muganyizi alimtazama yule mama, akajipiga paji la uso. "Aa! Mama, tusamehe. Umefika kwetu tangu asubuhi, na hakuna aliyekukaribisha!" Akatoa mfukoni kifurushi cha jani la mgomba chenye akamwani ya mama yake Rwegasira, akakishika kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Anamhonga jaji!" mtu akapaza sauti.

"Kwa punje mbili? Basi bibi yangu amehonga kata nzima!"

Watu wakacheka. Mama Komba hakucheka. Alizigeuza punje kiganjani. "Kwetu Mbinga kahawa tunalima na tunakunywa. Kuitafuna?" Akatafuna moja. Akatafuna polepole. Kisha akakirudia kikombe, akanywa, akafumba macho.

"Nauliza," akasema. "Punje hii na kikombe hiki ni ndugu?"

"Ni mti mmoja, Mama," Rwegasira akajibu.

Waandaaji wakateta, wakakubaliana kwamba hakuna sheria inayomkataza jaji kutafuna. Kikombe kikashinda. "Nipeni jina," akasema Mama Komba. "Mashine si mkungu wa ndizi, kila mtu akate chana yake."

Rwegasira akasema, "Mti ni wa kwetu, moto ni wangu. Kahawa iliyotafunwa ni yangu, iliyonywewa ni yangu. Mliidharau wote, mimi sikuidharau."

Muganyizi akasema, "Kikombe kilikuwa kinawekwa chini! Naosha tu, sijawahi kuruhusiwa kuigusa mashine. Lakini ni nani aliyekirudisha mdomoni?"

Koku akasema, "Kahawa mbichi ni ya mti, mgeni ni wa wote. Lakini mvua ilipoiharibu, nani aliyeisikiliza? Nilikamua kilio cha mwanangu bado kikiwa masikioni."

Alipokwisha kusema akawatazama wenzake. Asimwe alikuwa amelala begani kwa Rwegasira, kichwa kimeshikiliwa na mkono wenye kile kidole kilichobabuka. Muganyizi alikuwa akimfunika miguu kwa kitambaa cha vikombe. Koku akaitamani mashine kuliko mwanzo, na akashindwa kuwaambia waondoke njiani.

Mama Komba akatia punje ya mwisho kinywani. "Nikimaliza kutafuna hii," akasema, "nataka jina moja."

Basi ninyi mlioketi hapa, Mama Komba anatafuna, na anakaribia kumeza. Semeni upesi: je, nani alistahili?